Nani Alipie Hewa Safi? Tozo, Reli na Malori katika Ghuba ya San Pedro

Mwenyekiti, wageni waalikwa, ndugu wanafunzi, asanteni kwa kufika.

Bandari za Los Angeles na Long Beach, kusini mwa California, zimepakana katika ghuba moja, ya San Pedro. Kila moja ina bodi yake na jiji lake, na zinagombea mizigo ileile. Hata hivyo mwaka 2006 zilipitisha mpango mmoja wa hewa safi, kwa sababu bandari moja ikikaza masharti peke yake, mteja anahamia ya jirani.

Kabla ya teknolojia, tuelewe mipaka ya mamlaka ya bandari yenyewe. Haimiliki meli, lori wala kichwa cha treni. Inamiliki ardhi na gati, na anayeendesha kituo cha makontena ni mpangaji wake. Kwa hiyo ina silaha tatu tu: mkataba wa pango, orodha ya tozo, na lango.

Tuanze na pango, yaani masharti anayoweza kupewa mpangaji kuhusu meli zinazofunga gatini kwake. Meli iliyofunga gatini huendelea kuwasha injini saidizi ili kupata umeme wa taa, pampu na makontena ya friji. Mwaka 2004 Los Angeles ilifungua kituo cha makontena ambako meli huunganishwa na umeme wa nchi kavu. Umeme huo ni wa volti 6,600, si wa kuchomeka kama pasi. Nyaya zinafungwa, usalama unakaguliwa, umeme wa nchi kavu unalinganishwa na ule wa jenereta za meli, mzigo unahamishwa taratibu, ndipo injini zinazimwa. Kinachokwamisha mara nyingi ni kidogo sana: soketi ya meli iko ubavu wa kushoto nayo imefunga kwa ubavu wa kulia, au imesogezwa ili kreni zifikie shehena na sasa kisanduku cha umeme cha gatini kiko mbali. Hivyo kituo kinachojengwa leo kiweke visanduku vingi kando ya gati. Kuchimba gati linalofanya kazi ni ghali mno. Kuna na gridi pia. Katika joto kali la Septemba 2022 California iliruhusu meli zijitoe kwenye umeme wa nchi kavu ili majumba yasizimikiwe.

Baharini hatua rahisi kuliko zote haihitaji kifaa chochote: meli ipunguze mwendo hadi maili 12 za baharini kwa saa, kuanzia maili 40 kutoka bandarini. Nguvu inayohitajika kusukuma meli hufuata takriban kipeo cha tatu cha mwendo, kwa hiyo ukipunguza mwendo kwa asilimia 20, nguvu inashuka karibu nusu. Ni hiari, na anayetii hupata punguzo la ada.

Lango lilitumika kwa malori. Oktoba 2008 malori yaliyotengenezwa kabla ya 1989 yalizuiwa kuingia, na kufikia Januari 2012 kila lori lilitakiwa kufikia kiwango cha injini cha mwaka 2007. Hapo ndipo masizi ya dizeli yaliposhuka kwa kasi. Ukilinganisha na 2005, leo yako chini kwa zaidi ya asilimia 80. Los Angeles ilitaka kwenda mbali zaidi: madereva wawe waajiriwa, na malori yawe na maegesho nje ya barabara. Mahakama ya rufaa ililifuta sharti la ajira mwaka 2011, na Mahakama Kuu ya Marekani ikafuta la maegesho mwaka 2013. Sharti la umri wa lori lilibaki. Kwa maoni yangu funzo ni la kisheria kuliko la kimazingira: dhibiti chombo kinachopita langoni, usijaribu kudhibiti biashara ya mwenye chombo.

Sasa fedha za nje ya lango. Sheria ya ardhi za pwani ya California inataka mapato ya bandari yatumike kwa shughuli za bandari, usafiri wa majini na mengine ya aina hiyo. Moshi wa barabara kuu iliyo mbali na gati hautibiki kwa fedha hizo peke yake. Ndiyo maana mwaka 2006 wapiga kura waliidhinisha hati fungani za jimbo, zikiwa na dola bilioni 2 za njia za biashara na bilioni 1 za kupunguza moshi wa usafirishaji mizigo.

Mfano mkubwa ni Alameda Corridor, reli ya mizigo ya kilomita 32 inayotoka bandarini, iliyofunguliwa 2002 kwa dola bilioni 2.4. Nusu yake imepita ndani ya handaki la wazi, na makutano kama 200 ya reli na barabara yaliondolewa. Deni hulipwa kwa tozo ya makontena, na tozo isipotosha, bandari zinalazimika kufidia pengo, lakini si zaidi ya asilimia 40 ya malipo ya deni ya mwaka. Hatari yake ni kwamba kontena nyingi hupelekwa kwa lori hadi maghala ya bara, shehena ikapangwa upya huko. Mzigo umepita bandarini, ila reli haikuuona wala haikupata tozo yake.

Tangu Aprili 2022 kuna tozo nyingine: dola 10 kwa kila kontena la futi 20 lenye mzigo linalobebwa na lori, na dola 20 kwa kubwa zaidi. Fedha zinagharimia malori yasiyotoa moshi na vituo vya kuyachaji. Lori la umeme ni ghali zaidi ya maradufu ya la dizeli, na transfoma ya kituo huweza kuchelewa kuliko lori lenyewe. Agizeni transfoma kwanza. Halafu malori ya umeme yamesamehewa tozo hiyo. Kadiri mpango unavyofanikiwa, mfuko unakauka, wakati chaja zinaendelea kuhitaji matengenezo. Anayeandika tozo ya namna hii aweke tangu siku ya kwanza kifungu cha nani atalipia matengenezo hayo lori la dizeli litakapokuwa limeondoka.