Glasi ya Maji Kando ya Sahani

Naomba hiyo glasi iondolewe mezani. Ndiyo, hiyo ya maji. Aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito hali chakula huku anakunywa, na nitalirudia hili mpaka mnichoke.

Wengi huambiwa "usinywe ukila" bila kuelezwa kwa nini, kwa hiyo tupige hesabu. Baada ya baipasi, yaani upasuaji unaobakiza kifuko kidogo cha tumbo na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo mdogo, kifuko hicho mwanzoni hupokea kama mililita 30, yaani vijiko viwili vya mezani. Kwa waliokatwa ubavu wa tumbo likabaki bomba jembamba, ni kama mililita 100 hadi 150. Glasi yenu ni 250. Tia kwenye kifuko hicho tonge la ugali na kipande cha samaki, kisha mimina maji juu yake. Yatakaa wapi? Mara nyingi hupanda: kifua kinabana, mate ya povu yanajaa mdomoni, mtu anakimbilia chooni, na yule samaki mwenye protini anayoihitaji ndiye anayetapikwa. Au huteremka. Kwenye baipasi chakula hakipiti tena kwenye ule msuli wa chini ya tumbo unaokiachia kidogo kidogo, hivyo maji yanaweza kukisukuma upesi kwenye utumbo mdogo. Kifuko kikawa kitupu, njaa ikarudi mapema. Anayelalamika kwamba uzito umegoma kushuka, mwulizeni chakula anashushia na nini.

Akishushia na soda au chai ya sukari nyingi, hapo ndipo balaa. Sukari ikifika kwenye utumbo kwa kasi huvuta maji ya mwili. Ndani ya nusu saa hivi moyo unadunda, jasho jembamba linatoka, tumbo linasokota, anaharisha, anatafuta pa kulala. Wengine hupata saa 1 hadi 3 baadaye: sukari ya damu inashuka, mikono inatetemeka.

Najua kuna atakayesema tafiti kubwa juu ya kanuni hii ni chache. Kweli, imejengwa zaidi na uzoefu wa kliniki. Basi jaribu kinyume chake, uone kama utamaliza hata nusu ya yai.

Na mchuzi je? Swali hili halikosi. Kijiko cha mchuzi cha kulainisha nyama si kinywaji. Bakuli la supu ni kinywaji. Wiki za mwanzo za vyakula vya majimaji fuateni ratiba ya hospitali yenu, hapo hakuna tonge la kutenganisha.

Sasa kinachoniudhi zaidi: mtu anashika katazo, anasahau kunywa. Mwili unataka lita 1.5 hadi 2 kwa siku, na kukaukiwa maji ni moja ya sababu za kawaida za kurudishwa wodini. Acha kunywa nusu saa kabla ya kula. Kula taratibu, dakika 20 hadi 30. Subiri nusu saa nyingine. Tuseme umekula saa 1 asubuhi, ukamaliza saa 1 na nusu: kuanzia saa 2 mpaka saa 6 na nusu, mililita 50 kila robo saa, kama kikombe cha kahawa chungu, kwa vifunda vidogo, si kugugumia. Hiyo ni 900. Mchana kula saa 7, umalize saa 7 na nusu, halafu saa 8 hadi 12 na nusu rudia: 900 nyingine. Lita 1.8, na maji hayajakutana na sahani. Kiu ya mezani huja kwa aliyekaa na koo kavu asubuhi nzima.

Mkojo ukiwa wa njano iliyokoza, au ukisimama unapata kizunguzungu, umechelewa, ongeza vifunda. Maji hayakai tumboni siku nzima? Nenda hospitali, usisubiri kesho. Ukiwa umetapika siku kadhaa, waambie umefanyiwa upasuaji gani, ili vitamini B1 itangulie kabla ya dripu ya glukosi. Ikikosekana, ubongo unaweza kudhurika.

Pombe ilikuwa na sehemu yake, naona mwenyekiti anaangalia saa. Kwa ufupi: baada ya baipasi inaingia kwenye damu haraka kuliko zamani, hata kwa kiasi kilekile. Maswali.