Hewa Haiokolewi kwa Kubana Pumzi

Asalaam aleikum, na jioni njema kwenu nyote. Nafurahi kuwaona, hasa nyinyi vijana mliomaliza kozi ya mwanzo ya kuzamia kwa mtungi wa hewa hapa kisiwani Mafia, maana swali lenu ni lile lile kila boti inaporudi: mbona mwenzangu amepanda botini na baa 100 mtungini, yaani kipimo cha presha ya hewa, na mimi nimebaki na 50?

Tuanze na hesabu. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi baa 200 una lita 2,400 za hewa. Ukitoa baa 50 za akiba, unabaki na lita 1,800. Mtu anayetumia lita 20 kwa dakika akiwa juu ya maji, akifika kina cha mita 10 anatumia 40, kwa sababu presha imekuwa mara mbili. Akifika mita 20 anatumia 60. Kwa hiyo mtungi ule ule unampa dakika 45 kwenye mita 10, na dakika 30 tu kwenye mita 20, na hapo hajakosea kitu. Kama matumbawe unayotaka kuyaona yako mita 12, huna sababu ya kulala mita 18 ukiyatazama kutoka chini.

Sasa nisikilizeni vizuri. Wapo wanaovuta, wakabana, wakahesabu, ndipo wakatoa, wakidhani wanaokoa hewa. Naomba sana msifanye hivyo. Kwanza ni hatari: hewa uliyoifungia kifuani hutanuka unapopanda, na mita chache tu zinatosha kuyaumiza mapafu. Pili, haisaidii. Kinachokusukuma kuvuta pumzi ni kaboni dioksaidi inayojikusanya mwilini zaidi kuliko upungufu wa oksijeni. Ukibana pumzi unairundika gesi hiyo, kisha utahema mara mbili kuilipia, na utarudi botini kichwa kinagonga.

Pumzi fupi za juu juu nazo ni hasara. Kooni na kwenye njia za hewa kuna kama mililita 150 ambazo hazifiki pale mapafu yanapobadilishia hewa. Ukivuta mililita 300, nusu yake ni ile hewa chafu uliyotoka kuitoa. Vuta taratibu na kwa kina, kisha toa taratibu zaidi, ukirefusha kutoa kuliko kuvuta. Sikiliza mapovu yako: yatoke mfululizo mrefu, bila haraka.

Lakini ukiniuliza hewa ya mgeni inapotelea wapi hasa, sitataja mapafu. Nitataja mkanda wa risasi, ule wa vipande vya madini mazito tunaouvaa ili tuzame. Mtazame mtu aliyebeba kilo 3 za ziada. Anazama upesi, anajaza hewa kwenye jaketi lake la kuelea ili asigonge chini. Jaketi linamwinua kifua, miguu inaning'inia. Sasa kila teke analopiga linamsukuma juu badala ya mbele, na teke lenyewe linatimua mchanga. Akipanda kidogo, hewa ya jaketi inatanuka, anazidi kupanda, anashtuka, anaitoa yote. Anazama tena, anajaza tena. Mikono nayo inapiga maji kama anafukuza nyuki. Hewa ya jaketi imetoka kwenye mtungi ule ule anaoutegemea kupumua, na mwili unaohangaika hivyo hauwezi kupumua polepole hata ukiuamuru.

Basi pimeni uzito. Mwisho wa kuzamia, mtungi ukiwa na baa 50, elea juu ya maji, jaketi tupu, pumzi ya kawaida kifuani. Maji yafike usawa wa macho. Ukitoa pumzi, uanze kuzama. Ukizama kabla ya kuitoa, punguza risasi. Ninasisitiza mtungi uliokaribia kwisha kwa sababu hewa ina uzito: zile lita 1,800 ni kilo 2 na ushei. Uzito uliotosha mwanzoni unaweza usitoshe mwishoni, ukaelea juu na kushindwa kutulia mita 5 kwa dakika zako 3 za usalama, zile za kusubiri kabla ya kutoka majini.

Ukishapata uzito sawa, lala kifudifudi, kunja mikono, piga teke moja kisha acha likupeleke. Na mkondo msishindane nao. Mlango wa Kinasi, ule wa bahari unaoingia Ghuba ya Chole, siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, hauna mbabe. Tunauzamia maji yakijaa ili yatuingize ghubani, na ukilazimika kusogea dhidi yake, shuka karibu na mwamba, unakopungua nguvu.

Kuhusu maumbile, msidharauliane. Mwenye mwili mkubwa atatumia zaidi hata akiwa hodari. Mkizamia wawili, anayefikia kiwango mlichokubaliana kwanza ndiye anayemaliza safari ya wote, na hakuna haja ya kumnunia. Aliyeona aibu kuonyesha geji yake, kile kipimo cha hewa iliyobaki mtungini, ndiye anayenitia hofu mimi.

Mkizamia kesho, fanyeni hivi. Tulieni mita 10, someni geji, ogeleeni mwendo wa kawaida dakika 10, someni tena. Tuseme zimetoka baa 30: zidisha kwa 12, unapata lita 360, yaani 36 kwa dakika. Gawanya kwa 2 kwa sababu ya kina, ni 18. Andikeni namba hiyo, kisha rudieni baada ya kupunguza risasi, siku nyingine yenye bahari kama hiyo. Mkija na namba zote mbili tutazipanga pamoja na kuona nani yuko tayari kwa mita 18.