Buibui wa ukutani anachoka baada ya sekunde ngapi? Mpime mwenyewe nyumbani

Haya, karibuni. Leo tunampimisha mbio buibui, tuone nguvu anazitoa wapi na kwa nini zinamwishia upesi. Tunayemtumia ni yule mkubwa, bapa, wa kahawia, anayekaa kwenye kuta za nyumba nyingi hapa Dar. Kitaalamu ni Heteropoda venatoria. Hategi utando, anawinda kwa miguu, na mende ndio chakula chake. Mpangaji halipi kodi, ila kazi anafanya.

Andaa kopo angavu, la kuonyesha ndani, jalada la daftari, brashi laini ya rangi za maji, kontena angavu la sentimita 40 hivi lenye mfuniko, na simu ya kuhesabia sekunde. Weka kivulini, maana juani kontena linageuka tanuri.

Kumkamata mnajua: kopo juu, jalada chini, basi. Ila kagua chini ya mwili. Akiwa amekumbatia kifuko bapa cheupe, ana mayai huyo, mwache aende zake.

Sasa hapa twende polepole. Unapomhamishia kwenye kontena, mfuniko usimbane mguu. Narudia: usimbane mguu! Buibui anayo misuli ya kukunja miguu, lakini kwenye viungo viwili vikuu vya kila mguu hana misuli ya kunyoosha. Kinachonyoosha ni damu, inayosukumwa kwa shinikizo kutoka kwenye kichwa-kifua, yaani sehemu ya mbele ya mwili, miguu inakoshikia. Mguu ukipasuka katikati, damu inavuja, shinikizo linashuka, naye hawezi tena kujinyoosha. Ndiyo maana buibui aliyekufa mnamkuta amejikunja. Kwa hiyo kabla ya kufunga, hesabu: miguu minane iko ndani? Hesabu tena. Funga.

Jamani, ameshapanda mfunikoni. Plastiki haimshindi, ana vinyweleo vya kunatia kwenye nyayo. Usifungue! Gonga juu kwa kidole... ameshuka. Sasa inua ukingo kidogo tu, brashi ipite, gusa ncha ya mguu wa nyuma, na saa ianze.

Mmemwona? Hata kamera haijamwona. Tumieni video ya mwendo wa polepole. Kila akisimama, gusa tena. Mbio hizi za mwanzo zinatumia ATP, yaani kemikali ya nishati ya seli, iliyoko tayari kwenye misuli pamoja na fosfati ya ajinini, akiba ya haraka. Sisi binadamu tunatumia fosfati ya kreatini. Akiba hiyo inakwisha mapema mno. Tazama, ameanza kukimbia vipande vipande. Hapa misuli inavunja glaikojeni, sukari ya akiba, bila oksijeni, na lakteti, zao la uvunjaji huo, inarundikana.

Kwa nini bila oksijeni, na mapafu anayo? Hapa ndipo utamu ulipo. Moyo na mapafu viko tumboni, misuli ya miguu inategemea damu ya kichwa-kifua. Akikimbia, shinikizo la kichwa-kifua linapanda sana, na moyo unashindwa kusukuma damu mpya kwenda mbele. Shinikizo lile lile linalomnyoosha miguu ndilo linalomfungia oksijeni.

Samahani, taa inaakisi kwenye plastiki. Nasogeza... sawa.

Ukimgusa mara mbili mfululizo asipige zaidi ya hatua moja, simamisha saa. Mara nyingi hafiki dakika mbili, na hata akifika, ishia hapo. Ukiendelea kumchokoza hupimi tena, unamtesa.

Sasa mwache atulie, na pamba yenye maji kidogo pembeni. Usidhani amepumzika: moyo unaendelea kupiga kwa kasi, oksijeni inafika sasa, na lakteti inaondolewa taratibu. Mpime tena baada ya dakika tano, kisha baada ya saa moja. Ile ya dakika tano atachoka mapema zaidi, kwa sababu akiba haijajaa. Usipime siku aliyotoka kujibandua ngozi, mwili bado laini.

Ukimaliza, laza kontena karibu na ukuta, fungua, atoke mwenyewe. Nyuma ya friji ni pazuri, mende wapo. Makontena kama haya ninayo, mfuniko umetobolewa tayari tundu la brashi. Andika hapo chini uko mtaa gani.