Bajeti ya Krismasi na safari ya nyumbani: anza na Januari

Kamwene kwa wote wa Iringa na Njombe, ugonile kwa wa Rungwe na Kyela, na habari zenu nyote mnaotazama popote mlipo. Leo tunapanga pamoja hela ya sikukuu: zawadi, nauli na chakula. Niko hapa Mwanjelwa, Mbeya, na daftari nimelifungua mezani ili mwone ninavyoandika mstari kwa mstari. Kama huna kalamu karibu, simamisha video ukaitafute, maana hili somo linaeleweka kwa kuandika.

Hatua ya kwanza. Juu ya ukurasa usiandike Krismasi. Andika JANUARI, kwa herufi kubwa, kama hivi.

Ninasisitiza jambo hili kwa sababu ya huku tunakoishi. Nyanda za Juu Kusini Krismasi inatukuta katikati ya msimu wa kupanda. Mvua zimeanza Novemba, mahindi yanaingia ardhini, na mkulima anahitaji mbolea ya kupandia sasa hivi, halafu baada ya wiki chache anataka ya kukuzia. Mbolea haisubiri sikukuu ipite. Na Januari hiyo hiyo shule zinafunguliwa. Shule za serikali hazitozi ada, lakini sare, viatu na madaftari ni vya mzazi. Ukiwa na mtoto anayekwenda kidato cha kwanza bweni, unaijua ile fomu ya kujiunga: godoro, shuka, ndoo, na orodha inaendelea. Mwenye nyumba naye anataka kodi yake ya miezi mitatu.

Basi tuandike. Nachukua mfano wa familia ya watu wanne wanaoishi Mbeya mjini na kwao ni Njombe. Weka tarakimu zako wewe, hizi zangu ni za kujifunzia. Tuseme hadi mwisho wa Desemba, ukijumlisha mshahara, faida ya biashara na hela ya kijumbe, yaani mchezo wa kupeana, watakuwa na shilingi 900,000. Chini ya JANUARI naandika kodi 150,000, sare na viatu vya shule 120,000, mbolea ya shamba lao 180,000. Jumla 450,000. Hela hiyo iondoe kabisa machoni. Iweke kwenye akaunti, au mpe mweka hazina wa kikundi chenu cha vicoba, au kamalize kabisa manunuzi yenyewe. Ikibaki kwenye simu pamoja na hela nyingine, itatumika. Sasa wana 450,000 ya sikukuu, na hiyo wanaweza kuila kwa amani.

Hatua ya pili, nauli. Andika nauli ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja. Wengi huandika kwenda tu, na kurudi ndiko kunakobana, kwa sababu baada ya mwaka mpya kila mtu anarudi kazini na wanafunzi wanarudi shuleni. Tuseme kiti kimoja ni 15,000. Watu wanne, kwenda na kurudi, ni 120,000. Ongeza 40,000 ya bajaji, mizigo na chakula cha njiani. Jumla 160,000.

Kwenye tiketi nina maneno machache, nisikilizeni vizuri. Kata mapema, ofisini kwa wakala au kwa simu, na siyo kwa mtu anayekufuata na begi lako getini. Ukishaipata, isome hapo hapo: jina lako, tarehe, saa ya kuondoka, namba ya kiti, na kiasi ulicholipa. Kiasi kilichoandikwa kikiwa pungufu ya hela uliyotoa, usiondoke dirishani. LATRA, mamlaka ya serikali inayodhibiti usafiri wa nchi kavu, ndiyo inayopanga nauli ya juu kwa kila kilomita kulingana na daraja la basi, na nauli hiyo haipandi kwa sababu ni sikukuu. Abiria wakizidi, LATRA hutoa vibali vya muda kwa magari ya ziada, kwa hiyo ukikosa basi ulilozoea usikimbilie gari lisilo na kibali.

Anayetoka Dar kuja huku ana barabara ya zaidi ya kilomita 800 hadi Mbeya, na malori yakikwama mlima Kitonga masaa yanapotea. Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa kusafiri usiku, hilo limesaidia, lakini kama kutoka Makambako au Njombe bado unaunganisha gari la Makete au Ludewa, pigia hesabu gesti ya usiku mmoja. Gari la kijijini halikusubiri. Wa Tukuyu na Kyela ninyi mna nafuu, kosta pale Nane Nane zinapatikana kutwa nzima, ila nanyi ukifika mwisho wa lami kuna bodaboda, na mvua ikinyesha bei yake si ile ya mwezi wa tisa. Muulize aliyeko kule kabla hujaondoka.

Hatua ya tatu ni fupi. Toa 50,000 ya dharura. Mtoto ataugua, kutakuwa na msiba wa jirani, hutaacha kutoa rambirambi. Tumebakiwa na 240,000.

Hatua ya nne, zawadi. Hapa ndipo nataka tukae.

Kwanza gawa: naandika 100,000 chakula cha siku yenyewe pamoja na sadaka ya ibada, na 140,000 zawadi. Halafu andika majina ya watu, mtu mmoja kila mstari, kabla hujaandika kitu chochote. Ukiingia sokoni na orodha ya vitu, utanunua kinachong'aa. Ukiingia na majina, utamkumbuka shangazi.

Wazazi wanaolima, na wengi wetu wazazi wetu wanalima, zawadi ninayoiamini ni mbolea. Ekari moja ya mahindi inahitaji kama mfuko mmoja wa kilo 50 wa DAP wakati wa kupanda. Lakini usiununue mjini ukaubeba. Mbolea ya ruzuku, tangu msimu wa 2022/23, inatolewa kwa mkulima aliyeandikishwa, kwa namba yake, kwa wakala aliyeidhinishwa. Kwa hiyo mpigie baba, muulize namba yake iko hai, na wakala wa karibu ana mzigo? Halafu mtumie hela, na umtumie mapema, kabla hajapanda. Mbolea ya kupandia ikifika tarehe 25 mahindi yakiwa yameshaota, umechelewa. Na jamani, ukituma hela weka na ya kutolea. Mzee akipanda bodaboda mpaka kwa wakala, halafu makato yamle elfu mbili na mfuko usitimie, hapo zawadi imegeuka usumbufu.

Watoto wapeni viatu. Nguo ya Krismasi ni furaha yao na siwezi kuwanyima, ila kama hela ni moja, nunua viatu vyeusi vya shule, avivae kanisani tarehe 25 na darasani Januari. Angalieni hapa ninavyochukua kipimo. Mtoto asimame wima juu ya karatasi, kisigino kiguse ukuta. Piga alama mbele ya kidole kirefu, ambacho kwa wengine si kidole gumba. Pima kwa rula. Huu ni sentimita 19. Naongeza sentimita moja ya kukua, basi natafuta kiatu chenye sentimita 20 ndani. Namba iliyoandikwa kwenye soli usiitegemee, viwanda vinatofautiana. Mama yake akiwa kijijini anakutumia kipimo hicho kwa ujumbe wa simu, wewe unaingia Mwanjelwa au Soweto na rula yako. Kwa mitumba, kunja soli katikati kwa mikono miwili. Ikionyesha ufa, rudisha.

Bibi na babu wapelekeeni vitu vinavyoisha: mche wa sabuni, sukari, mafuta ya kula, majani ya chai, chumvi, na kitenge kimoja kizuri. Bibi wa Makete atafurahia blanketi zito, maana baridi ya Juni na Julai anaijua yeye. Mkulima wa milimani mpe gambuti. Ila msibebe mchele kwenda Kyela, wala viazi kwenda Njombe. Ninaomba sana. Uliza kwanza nyumbani nini kimepungua, ndipo ubebe.

Hayo manunuzi fanya nusu yake Novemba. Sabuni na sukari haziozi, na wiki ya mwisho kabla ya Krismasi bei hazina adabu.

Hatua ya tano, na hii huwa haiandikwi kabisa: mzigo wa kurudi. Hakuna mama wa Rungwe atakayekuacha uondoke mikono mitupu. Utapewa mkungu wa ndizi, parachichi, na Kyela debe la mchele. Njombe ni viazi na maharage. Iringa utapewa kikapu kilichojaa, na kikapu chenyewe ni zawadi. Chakula hicho ni cha wiki mbili au tatu, kipigie hesabu, maana kitapunguza matumizi ya Januari. Lakini konda atataka hela ya mzigo. Toa 15,000 kwenye ile 40,000 uiweke kando toka siku ya kwenda. Parachichi omba zile ngumu, zifunge kwenye boksi lenye matundu, na uziweke juu ya viazi, zisiwe chini yake. Kabla mzigo haujaingia kwenye buti patana bei, dai risiti, andika jina lako kwa maka pen pande mbili za mfuko, na piga picha ya namba ya basi.