Mfuate mpiga ngoma

Asanteni. Karibuni na mlio nyuma, viti vipo huku mbele.

Swali ni lilelile, na sijachoka kulijibu: nimeipenda Pink Floyd, ile bendi ya roki ya Uingereza, sasa nimsikilize nani? Na kila mara kuna mtu ananyanyua simu anionyeshe orodha aliyopewa na programu. Orodha hizo nimezisikiliza. Zinakupa bendi kumi zenye gitaa linalolia kama la David Gilmour wa Pink Floyd, na ukifika ya kumi umesikia bendi moja mara kumi. Roki ya progresivu, yaani hii ya nyimbo ndefu zinazobadilika-badilika, haitafutwi kwa kufanana, jameni! Bendi hizi hazikutaka kufanana hata na albamu zao wenyewe za mwaka uliopita.

Fuateni watu. Geuza jalada la albamu, soma nani kapiga nini, halafu mwandame huyo mtu kila anapohama.

Chukueni Bill Bruford, mpiga ngoma wa bendi ya Yes. Mwaka 1972 wanarekodi albamu ya Close to the Edge. Wimbo wenye jina hilo unajaza upande mzima wa santuri, dakika 18 hivi. Unaanza na maji na ndege, kisha bendi inakuvamia, kila mmoja kana kwamba anakimbilia kwake, na katikati ya vurugu hiyo sauti za waimbaji zinakata kila kitu, kimya, halafu wanaendelea. Rudieni hapo mara ya pili mkisikiliza ngoma ndogo, snare, peke yake. Ina mlio mkavu wa juu, wa kugonga ukingo na ngozi kwa pamoja. Ukishaushika mlio huo, utamtambua Bruford popote, hata kama hujaambiwa ni nani anapiga.

Basi kazi imekamilika, albamu haijafika hata madukani, Bruford anaaga. Yes wanapanda, pesa inakuja, yeye anakwenda King Crimson kwa mpiga gitaa Robert Fripp, bendi iliyokuwa ikipanda jukwaani na kubuni muziki palepale mbele ya watu. Wengi wananiuliza alikuwa na wazimu gani. Sikilizeni albamu yao Red ya 1974 mnipe jibu ninyi. Watu watatu ndio kiini chake, Fripp, John Wetton kwenye besi, na Bruford, na uzito ule bendi nyingi za gitaa zito bado zinautafuta. Fripp akaivunja bendi mwaka huohuo. Mwaka 1976 Bruford yuko nyuma ya ngoma za bendi ya Genesis katika ziara, kwa sababu mwimbaji wao Peter Gabriel ameondoka na mpiga ngoma wao Phil Collins amesogea mbele kuimba. Mwaka 1978 yuko na Wetton tena katika bendi iliyoitwa U.K. Mpiga ngoma mmoja amekufungulia milango minne, na nyuma ya kila mlango kuna watu wengine wa kufuata. Greg Lake, kwa mfano, aliimba albamu ya kwanza ya King Crimson mwaka 1969, akatoka akaunda Emerson, Lake & Palmer.

Na msiniambie hili ni geni Nairobi. Les Mangelepa, bendi ya rhumba, walitoka wapi? Walimwacha kiongozi wao Baba Gaston mwaka 1976. Mzee yeyote wa rhumba atakupa ukoo wote huo, nani alitoka na nani na walipiga wapi, bila kugusa simu.

Najua kuna anayesema moyoni nyimbo hizi ni ndefu mno. Wewe uliyeketi ukamsikiliza Franco akimsema Mario, mwaka 1985, zaidi ya dakika kumi, ukingoja sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea? Benga yenyewe ilikatwa vipande viwili kwenye santuri ndogo, unainuka kugeuza upande wimbo ukiwa katikati. Uvumilivu tunao. Tumeuacha tu.

Mwingine anasema ni mambo ya Wazungu. Bendi ya Osibisa, walioundwa London mwaka 1969, Teddy Osei wa Ghana akiwaongoza, majalada yao mawili ya kwanza, yale ya tembo wenye mabawa, yalichorwa na Roger Dean. Huyohuyo ndiye aliyewachorea Yes. Walikuwa mji mmoja, miaka ileile, na mchoraji mmoja.

Naona naonyeshwa saa. Mapigo yasiyo ya kawaida nilitaka kuyaeleza polepole, basi fanyeni hivi: wekeni wimbo wa Money wa Pink Floyd na mhesabu hadi saba, si nne. Saksafoni inabaki kwenye saba, gitaa likiingia inakuwa nne, na mwili wako utajua kabla yako. Na bendi za nje: Italia kuna Premiata Forneria Marconi, Kanada kuna Rush, na albamu yao 2112 ya 1976 inatosha kwa wiki nzima. Vijana wa leo, anzeni kwa Steven Wilson wa Porcupine Tree, kwa sababu ndiye aliyechanganya upya kanda za King Crimson, Yes na Jethro Tull, kwa hiyo ukimfuata utarudishwa huko tu. Mellotron, ile kinanda cha kanda, tutaiacha hadi siku nyingine.

Maswali. Wewe mwenye shati jeupe, anza, na tafadhali usiniulize ipi ni bora.