Kiporo cha makusudi: kupanga chakula cha wiki ukiwa na ADHD

Habari zenu, karibuni jikoni kwangu. Video ya leo ni ya mtu mzima mwenye ADHD, yaani hali ya ubongo inayofanya iwe vigumu kutulia na kushika jambo moja, au mwenye usonji, yule anayerudi kazini saa moja usiku, anafungua friji, anaitazama, anaifunga, kisha analala na chai na maandazi mawili. Chakula kipo. Kilichoisha ni nguvu ya kuamua: nipike nini, nianze na kipi, kisu kiko wapi. Wengine wetu hata njaa hatuisikii mpaka kichwa kianze kuuma. Huo si uvivu, na naomba hapa tusiitane wavivu. Tutaamua mara moja kwa wiki, akili ikiwa imetulia, halafu siku zinazobaki tunakula kiporo. Kiporo tulichokiandaa kwa makusudi.

Kwanza, chukua karatasi. Usichore ratiba ya milo 21. Nimebandika nyingi ukutani na hakuna iliyovuka Jumatano. Andika vyakula vitano tu ambavyo unavila kweli, hata siku umechoka. Vyangu ni wali maharage, ugali dagaa, chapati na mayai, viazi vya kuchemsha na uji wa ulezi. Kama utelezi wa mlenda unakusumbua mdomoni, usiuandike eti kwa sababu una faida mwilini. Hutaula, utaozea ndani. Na kula chakula kilekile siku nne mfululizo hakuna ubaya wowote.

Pili, maharage. Hapa tutakaa kidogo, maana ndiyo yanayobeba wiki yote. Jumamosi usiku chagua kilo moja, osha, loweka. Sufuria naiacha juu ya jiko, si pembeni, ili asubuhi nikienda kuchemsha chai nikutane nayo. Umesahau kuloweka? Usiahirishe. Yachemshe dakika mbili tatu, zima moto, funika saa nzima.

Mwaga maji ya kulowekea, weka mapya. Sasa yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 ndipo upunguze moto, kwa sababu maharage mekundu yasiyochemka sawasawa yana sumu ya asili inayotapisha na kuharisha. Tega alamu ya simu kila dakika 20. Ikilia, nenda jikoni kwanza ndipo uizime. Sufuria zangu mbili ziliungua kwa sababu niliizima nikiwa nimekaa kwenye kochi. Chukua harage moja, libonyeze kwa vidole, hivi. Likipondeka lote bila kiini kigumu katikati, yameiva. Tia chumvi kidogo, usiyaunge. Jumatatu utayaunga kwa nazi, Jumatano kwa nyanya na kitunguu, na hutayachoka upesi.

Sogea uone vibakuli hivi. Kila kimoja ni mlo wa mtu mmoja, na mfuniko wake unaonyesha kilichomo. Kilo moja inanipa kama kumi. Juu nimebakiza nafasi ya upana wa kidole, kwa sababu maji yakiganda hutanuka. Yasikae nje zaidi ya saa mbili. Vitatu vinaingia kwenye friji, vya kuliwa ndani ya siku tatu au nne. Vilivyobaki vinakwenda friza. Kila kimoja nakibandika selotepu ya karatasi na kuandika kwa makapeni: MAHARAGE, JUMAPILI.

Ukifungua friji yangu, vibakuli viko mbele, usawa wa macho. Kisichoonekana, kwangu hakipo. Kwa hiyo nyanya na mchicha nimevitoa kwenye droo ya chini nikavipandisha juu, na droo nimeijaza chupa za maji. Umeme ukikatika, usifungue fungue: friji iliyofungwa hutunza ubaridi kama saa nne, friza iliyojaa kama siku mbili.

Tatu, alamu ya kula. Usiiite "chakula cha mchana". Yangu ya saa saba inasema: "Fungua mkoba, toa kibakuli, kula." Baadhi ya dawa za ADHD hukata hamu ya kula mchana, kama yako ni hivyo, kunywa uji kabla ya kidonge, na mweleze daktari wako ukiona unapungua uzito.

Nne, boksi la siku mbaya. Ndani yake hakuna kinachohitaji moto: karanga, korosho, tende, maziwa ya pakiti ya kukaa nje, na juu yake ndizi mbivu. Linakaa kando ya kitanda, kwa ile siku ambayo hata kupasha kiporo kumekushinda. Ukila tende tano na kikombe cha maziwa, umekula. Usijisute.

Sasa simamisha video hii kabla hujafungua nyingine. Andika vile vitano, kisha nenda ukaloweke maharage.