China ilivyohama kutoka mkekani hadi kitini

Ndugu zangu, tukiulizwa ni kitu gani cha kigeni kiliibadili China ya kale, wengi tutataja dini ya Buddha. Mimi leo naomba tuzungumzie kiti.

Zamani Wachina walikaa chini. Walitandika mikeka, wakapiga magoti, wakakalia visigino. Hiyo ndiyo ilikuwa adabu, na kutanua miguu mbele ya watu ilikuwa aibu kubwa. Iko hadithi ya Mencius, yule mwanafalsafa: aliingia chumbani akamkuta mkewe amekaa ovyo, akataka kumwacha. Mama yake akamkatiza: mkosa adabu ni wewe, uliyeingia bila hodi. Nampenda sana bibi huyu.

Sasa, Mfalme Ling wa enzi ya Han, aliyetawala mwaka 168 hadi 189, anasemwa vibaya na wanahistoria kwa kuhusudu mambo ya Wahu, yaani watu wa nyika na wa magharibi: mavazi yao, mahema, vyakula, ngoma, na kiti chao cha kukunja. Kiti hicho baadaye majemadari walikwenda nacho vitani. Watawa wa Kibuddha nao walikalia viti vyao wakati wa kutafakari.

Hata hivyo mkeka haukutoka upesi. Enzi ya Tang (618–907), mji mkuu Chang'an ulijaa wafanyabiashara Wasogdi, watu wa Asia ya Kati, na mikate ya ufuta, wakubwa wakicheza polo, lakini nyumbani wengi bado walikaa chini.

Ni enzi ya Song (960–1279) ndipo kiti kilipotamalaki, na kiti hakiji peke yake. Meza nayo ikapanda. Kale kila mlaji aliwekewa kijimeza chake. Sasa watu wakazunguka meza moja. Lu You, mshairi wa karne ya 12, anasimulia kwamba hapo awali mwanamke wa nyumba ya maofisa akikalia kiti alichekwa. Su Shi, mshairi wa karne ya 11, aliona kituko kingine hekaluni: sanamu zimekaa juu, vyombo vya sadaka vimepangwa chini kama zamani. Mizimu ikitaka kula, alisema, itabidi itambae!

Japani, iliyojifunza mengi kwa Tang, haikuufuata mkondo huu. Ndiyo maana leo, ukitaka kuona Wachina wa kale walivyokaa, nenda Kyoto. Beijing utakaribishwa kiti.